Damu Inaposema Habari za Ubongo

Moyo ukisimama kisha ukarudishwa kupiga, mgonjwa aweza kukaa siku kadhaa bila fahamu, akipumua kwa mashine. Ndugu huwa na swali moja: je, ataamka? Siku hizi madaktari hutafuta sehemu ya jibu katika damu. Seli za ubongo zikifa kwa kukosa oksijeni, kimeng'enya kiitwacho NSE huvuja kutoka ndani yake na kuingia katika damu. Kikizidi sana, yamkini ubongo umeumia sana.

Wapo wapendwa wanaosema kwamba kusikiliza kipimo cha namna hii ni kukosa imani. Sioni hivyo. Kila kilicho kweli ni cha Mungu, hata kikitoka maabara. Lakini kweli hii ina mipaka, na madaktari wenyewe wanakiri. Mwongozo uliotolewa Ulaya mwaka 2021 unahesabu NSE inayozidi mikrogramu 60 kwa lita, saa 48 au 72 baada ya moyo kusimama, kuwa dalili mbaya. Hata hivyo, hauruhusu dalili hiyo iamue peke yake: inapasa kusubiri angalau saa 72, na walau dalili mbili zikubaliane. Chembe nyekundu za damu nazo zina kimeng'enya hicho. Zikipasuka, namba hupanda bila ubongo kuhusika.

Tena kuna hatari ya kimaadili. Tukiondoa mashine kwa sababu namba imesema hataamka, mgonjwa atakufa, nasi tutasema namba haikukosea. Nani atajua? Mfalme Hezekia aliambiwa kwamba atakufa. Akaomba, akaongezewa miaka 15. Hatukuahidiwa sote miaka hiyo, ila twajifunza kulipokea neno zito kwa maombi, bila haraka.

Basi dalili zikipingana, tusubiri bila kuona haya. Zikikubaliana zote, kumwachilia mpendwa wetu ni kumkabidhi kwa Yeye aliyemtoa, na mtu asiwahukumu ndugu waliofika hapo kwa machozi. Na akiamka asiweze kusema wala kutukumbuka, thamani yake ni ileile. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tusiojua hata majina yetu, Mungu alitujua. Ubongo ukisahau, Yeye hasahau.