Adimu Si Thamani



Juzi stendi ya Shinyanga konda alinipa chenji, sarafu ya shilingi 200. Mashine iliigonga upande kidogo, Mzee Karume akakaa pembeni. Wakusanyaji wanazitafuta hizo, kisa ni adimu. Nikafurahi.

Usiku dhamiri ikanisuta. Huku kwetu, hadi Geita, watu wenye ualbino waliwindwa, eti viungo vyao vinaleta bahati machimboni. Walipangiwa bei, nao ni wachache. Watoto wakapelekwa Buhangija, hapa mjini, wakalindwe.

Uadimu unaipa sarafu bei. Mtu hana bei: ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa 1:27), na Mungu hakukosea chapa.

Sarafu ninayo bado, inikumbushe. Wewe je, jirani yako unamthamini kwa lipi?