Mgeni na Joto la Pwani

Somo: Yeremia 29:4–7



Kila mwaka, tangu Desemba hata Machi, pepo za kaskazi zivumapo, ndugu wengi waliotoka Dodoma, Singida na Iringa huonja joto la Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Wamepanga chumba Mbagala au Tandale, chini ya bati, wala usiku hauwaletei nafuu. Kwao Dodoma, palipo yapata mita 1,100 juu ya bahari, jua ni kali, lakini hewa ni kavu, na usiku mtu hutafuta shuka. Huku mchana hufika digrii 31 au 32, na usiku yapata 25. Mgeni hushangaa, akisema, "Jua la kwetu ni kali, mbona huku nachoka zaidi?"

Sababu ni hii. Jasho haliupozi mwili kwa kutoka tu, bali kwa kukauka. Katika hewa kavu hukauka upesi, hata mtu hajui kwamba limemtoka. Katika hewa ya pwani, iliyojaa unyevu wa bahari, latiririka lisikauke, na joto labaki mwilini. Lakini Muumba ameutia mwili elimu yake: ukizoezwa kidogo kidogo, kwa siku saba hata kumi na nne hujifunza kutoa jasho mapema na kuitunza chumvi yake. Asiyengoja, akabeba mizigo mchana kutwa siku ya kwanza, aweza kuanguka. Basi mgeni na afanye kazi nzito alfajiri, anywe maji kabla kiu haijamshika, wala asimfunike mtoto mchanga mablanketi kama kule bara. Na mtu ambaye mwili wake wawaka moto na maneno yake yamevurugika, huyo si wa kungojewa: awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, apelekwe hospitali upesi.

Hayo ni ya mwili. Je, moyo? Watazameni watu wa Yuda waliochukuliwa mpaka Babeli. Walikuwako manabii wa uongo waliowaahidi kurudi upesi. Kwa hiyo wengi hawakutaka kutulia. Yeremia akawaandikia barua kutoka Yerusalemu, akiwaagiza wajenge, wapande bustani, waoe na kuoza, na kuuombea mji ule, kwa kuwa heri yao ilifungamana na heri yake. Neno hilo lilikuwa gumu, maana mji wenyewe ulikuwa wa adui.

Sisi hatukuchukuliwa mateka. Twaja kutafuta kazi na shule. Hata hivyo wako waliokaa Temeke miaka mitano, na cheti chao cha kuhamia usharika kingali sandukuni. Mzee wa kanisa hawajui, jirani hawajui. Wakiugua, hakuna wa kuwapepea. Husema, "Mimi ni mpita njia tu." Ndugu, mpita njia naye huona kiu. Kukumbuka nyumbani si dhambi. Waisraeli jangwani walikosa, si kwa kukumbuka matango ya Misri, bali kwa kuidharau mana iliyokuwa mbele yao.

Nanyi wenyeji, msimcheke "mtu wa bara" anapolalamika. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na tangu 2016 watumishi wengi wametoka pwani kwenda huko. Upepo mkavu hupasua midomo yao, na vumbi huwaingia machoni. Nao huwahitaji wenyeji. Kila nchi ina darasa lake, na kila mtu siku moja huwa mwanafunzi.

Bwana wetu hakukidharau hata kikombe cha maji baridi (Mathayo 10:42). Majira haya ya kaskazi, kikombe hicho si mfano tu. Mpe mgeni maji, mwonyeshe kivuli cha mwembe, mfuate Jumapili mwende pamoja kanisani. Masika yatakuja, na joto litapungua. Lakini uliyemkaribisha wakati wa joto hatakusahau, wala Bwana hatasahau.

Amin.