Mwenye Nyumba ya Wageni

Kila tukihubiri Luka 10 tunamsifu Msamaria, tunamlaumu kuhani na Mlawi, halafu tunaenda nyumbani kula. Kuna mtu tunamruka: mwenye nyumba ya wageni. Yeye ndiye aliyebaki na majeruhi, shuka zimejaa damu, baada ya Msamaria kulipa dinari mbili na kuendelea na safari.

Mwaka jana tulisaidia kijana aliyekuwa akilala nje karibu na steji hapa Thika. Alishapata kibarua cha kubeba mizigo, kodi angeweza, na dipositi tulichanga. Ploti nne za Ruiru zilimkataa. Mbili ni za washirika wetu. Ya tano ilimkubali, akakaa wiki tatu, akarudi barazani. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Akanijibu, "Pastor, kule nje wananijua jina. Kwa ploti hakuna hata mmoja alinisalimia."

Sasa, huruma inaishia pale biashara inapoanza? Nilisomea biashara, naelewa hofu ya mtu aliye na mkopo wa benki. Lakini mwaka 1999 Ingrid Munro alianzisha Jamii Bora na wanawake 50 waliokuwa wakiomba barabarani Nairobi. Waliweka akiba, wakakopeshwa mara mbili ya akiba yao. Baadaye Jamii Bora ilijenga nyumba ndogo kule Kaputiei, Kajiado, wanachama wakahama mabanda na kuzilipia pole pole. Waliopinga mradi waliuchelewesha kortini. Hata huko shida kubwa ilikuwa majirani.

Kule Austin, Texas, kuna kijiji kinaitwa Community First! Village, cha watu waliokaa mtaani miaka mingi. Wanalipa kodi. Nyumba nyingi ni chumba kimoja, choo na jikoni ni za pamoja. Si ni ploti zetu hizo? Tofauti ni kwamba mwanzilishi, Alan Graham, anaishi humo na mke wake, na waumini wengine wamehamia hapo kwa hiari ili wawe majirani.

"Na akiharibu nyumba, Pastor?" Swali zuri. Msamaria aliahidi kulipa chochote kitakachozidi akirudi. Nimewaomba wazee kanisa limdhamini mpangaji wa aina hii kodi ya miezi miwili. Bado wanajadili.

Huyo kijana nilimwona tena Jumanne. Mwenye chumba Ruiru au Makongeni, nitafute baada ya ibada ya pili, nitakuwa pale mlangoni.