Ngazi Ziliwekwa kwa Ajili ya Nani?

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 18:13–26, Matendo 6:1–7, 1 Petro 5:1–4.

Mvua za Rungwe hazingoji kikao. Tuseme upepo umeezua nyumba ya mjane, mshiriki wa kanisa dogo vilimani juu ya Tukuyu. Anamwendea mzee wa kanisa. Kwa mhazini zipo zaka za mwezi mzima, zikisubiri kupelekwa konferensi. Mzee afanye nini?

Yapo majaribu mawili. La kwanza ni kuzigusa zaka hizo kwa sababu haja ni kubwa. Lakini zaka haikutolewa kwa ajili ya kanisa moja. Ndiyo inayowategemeza wachungaji hata katika mitaa isiyoweza kuwalipa yenyewe. Akiichukua, atamsaidia jirani anayemwona kwa mali ya ndugu asiyemwona. Jaribu la pili lina sura ya utii: kusema, "Mama, jambo lako tutalifikisha barazani," kisha kunyamaza. Kwa kosa la kwanza mkaguzi atamwuliza. Kwa la pili hakuna atakayemwuliza, ila Mungu.

Basi swali letu ni hili: Mtu akifuata utaratibu wote, na mwenye shida akaachwa mvuani, je, amekuwa mwaminifu?

Yethro alimkuta Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mara nyingi tunausoma ushauri huu kana kwamba unafundisha kila jambo lipande juu. Angalia tena aya ya 22: yaliyo makubwa ndiyo yaletwe kwa Musa, madogo wayaamue wao. Ngazi ziliwekwa ili mkuu wa kumi aweze kuamua, na watu warudi kwao kwa amani.

Kanisa letu nalo lilipaswa kujifunza hili. Konferensi Kuu iliundwa mwaka 1863, kazi ikiwa bado Marekani. Kazi ilipoenea, maamuzi ya nchi za mbali yaliendelea kuwangoja watu wachache huko Battle Creek, Michigan. Mkutano wa mwaka 1901 ukaanzisha unioni sehemu mbalimbali, ili walio karibu na kazi waamue. Miaka 2 baadaye wamishonari wetu wa kwanza walifika Upare.

Hata Wanyakyusa wa kale walikuwa na hekima ya jinsi hii. Malafyale hakutawala peke yake, bali pamoja na amafumu, wakuu wa vijiji waliotoka miongoni mwa watu wa kawaida, walioishi na watu na kuyajua ya kwao.

Mtu aweza kusema: kila mzee akijiamulia, kanisa litasambaratika. Ni kweli, na ndiyo maana Matendo 6 ni muhimu. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa, mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuacha Neno wakahudumu mezani. Waliwaambia washiriki wachague watu saba. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea kanisa liliwakabidhi kazi watu wa upande ule ule uliolalamika. Utaratibu mpya ulizaliwa na kilio cha wajane.

Basi mzee wetu na aziache zaka mahali pake, awaite mashemasi na akina mama wa Dorkasi siku hiyo hiyo. Miti, bati chache na mikono ya vijana havihitaji kibali cha konferensi. Lililo zaidi ya uwezo alipeleke barazani na kwa mchungaji wa mtaa, kisha alifuatilie mpaka lijibiwe. Nao walio ofisini wakumbuke kwamba barua isiyojibiwa nayo ni uamuzi, na mjane ameshaupokea.

Utaratibu waweza kutuonyesha mlango wa kupitia. Hauwezi kupenda kwa niaba yetu.

Maswali ya kujadili

1. Ni mambo gani kanisani kwenu hungoja ruhusa isiyohitajika?

2. Soma 1 Petro 5:2, 3. Kiongozi atajuaje kwamba anatunza utaratibu, wala hajifichi nyuma yake?

3. Katika kanisa lenu, malalamiko ya wanyonge husikilizwa wapi, na nani huyajibu?