Chakula Katika Majira Yake

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 1:29, 41:46–49, Kut. 16:22–26, 34:21, Law. 19:9, 10, Kumb. 8:7–18, Zab. 145:15, 16.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 8:10. Darasa zima lisome kwa pamoja.

Soma Kumbukumbu la Torati 8:7–14. Kwa nini onyo la kutosahau linafuata mara tu baada ya agizo la kula na kushiba?

Musa alipowaeleza Israeli habari za nchi ya ahadi, alianza na maji ya mabondeni, kisha akataja ngano, shayiri, zabibu, tini, makomamanga, mizeituni na asali. Halafu akawapa agizo lenye hatua tatu: kula, kushiba, na kumhimidi Bwana. Mwenye njaa hukumbuka kuomba. Aliyeshiba ndiye aliye katika hatari ya kusahau.

Bonde la Mbwemkuru, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, nalo lina orodha yake. Mvua zikishika mwishoni mwa mwaka, mboga ya kwanza ni majani ya kunde na ya maboga. Baadaye huja matango, maboga yenyewe na mahindi mabichi ya kuchoma, ambayo watoto huyasubiri jikoni kabla hayajaiva. Zinafuata njugu mawe za kuchemsha na maganda yake, karanga na choroko. Mvua zikiisha, mbaazi zinakomaa. Wakati wa kiangazi kuna muhogo shambani na ming'oko ya kuchimba porini. Kabla mwaka haujaisha, mabibo yanaanguka na maembe yanaiva. Mungu hakuvitoa vyote siku moja, kila kimoja amekipa zamu yake (Zab. 145:15).

Familia inayokula hivyo inaifurahia kalenda ya Muumba. Mbegu na matunda ndiyo chakula alichowapa wanadamu tangu mwanzo (Mwa. 1:29). Hata hivyo, ziko nyumba ambazo mgeni akifika, chakula cha shamba hufichwa kwa aibu, na mtoto hutumwa dukani kukopa mchele na soda. Kwa Mungu hakuna aibu katika sahani ya muhogo na mbaazi za nazi. Yeye ndiye aliyeziotesha. Vivyo hivyo mabibo: yakiliwa mabichi ni zawadi, yakigeuzwa pombe, zawadi hiyohiyo inavunja nyumba.

Soma Kumbukumbu la Torati 8:17, 18. Ni nani anayetoa nguvu za kupata utajiri?

Nachingwea ina ushuhuda wake katika jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikihitaji mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalifyeka misitu, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Lakini hali ya udongo na mvua haikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na baadaye hata reli iking'olewa. Karanga zenyewe hazikukataa kuota. Mpaka leo mama mwenye kishamba chake huzivuna, akazitwanga na kuungia kisamvu.

Hatari hiyo haiko kwa serikali peke yake. Korosho na ufuta huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, na fedha hizo hulipa mahitaji ya shule, matibabu, zaka na sadaka. Si dhambi kuuza. Shida huanza pale baba anapouza pia mahindi na mbaazi za nyumbani mara tu baada ya mavuno, bila kushauriana na mama. Ifikapo Januari, watoto wake wanakula uji mwepesi, naye ananunua unga kwa bei ya juu kuliko aliyouzia mahindi yake. Yusufu aliweka akiba wakati wa wingi (Mwa. 41:46–49). Ghala ya nyumbani ni sehemu ya uwakili wa Kikristo.

Soma Kutoka 34:21. Kwa nini Mungu alitaja hasa wakati wa kulima na wakati wa mavuno?

Kwa sababu hapo ndipo imani hupimwa. Mvua ya kwanza inaweza kunyesha usiku wa kuamkia Sabato, na majirani wote wakatoka na majembe. Korosho huanguka zenyewe, Sabato au siku nyingine, na mpita njia anaweza kuziokota. Familia inayokwenda kanisani asubuhi hiyo imemwachia Bwana shamba lake. Ijumaa chakula kimekwisha kupikwa (Kut. 16:23), na wanaporudi kutoka ibadani wanakuta meza iliyo bora kuliko ya siku nyingine. Watoto na waijue Sabato kwa furaha yake, wala si kwa makatazo tu.

Na meza hiyo isiwe ya wenyewe tu. Sheria ya pembe za shamba (Law. 19:9, 10) ilimwachia maskini na mgeni sehemu yao. Bibi aliye peke yake, asiyeweza tena kushika jembe, apelekewe boga na mahindi mabichi wakati yeye naye anayatamani, asisubiri masalio makavu.

Maswali ya Kujadili

1. Ni vyakula gani vya shamba lenu mnavyovionea aibu mbele ya wageni? Kwa nini?

2. Nani huamua nyumbani kwenu kiasi cha kuuza na kiasi cha kuweka? Baba na mama wanawezaje kuamua pamoja katika maombi?

3. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje mshiriki ambaye mavuno yake yamo hatarini siku ya Sabato, ili asisimame peke yake?

4. Taja nyumba moja mtakayoipelekea mazao mabichi juma hili.