Kilichotoharika na Kilichochakaa

Bibi mmoja wa Kipatimu, aliyekwisha kung'olewa magego yake moja baada ya jingine, kwa kuwa katika vilima vya Umatumbi jino linalouma aghalabu hukutana na koleo kabla ya dawa, alipelekwa na wanawe Dar es Salaam kupandikizwa mizizi ya titani, nami niliyemsindikiza tangu Njianne nilimsikia akimwuliza tabibu: "Mwanangu, hicho unachotaka kunitia kinywani kimepita kwa nani kabla yangu?"

Mzizi ukiisha kushikamana na mfupa, jambo alilolitambua Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi katika mifupa ya sungura, hata mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza, tabibu hufunga juu yake kwa parafujo kijichuma cha kuchukulia alama, akakizungushia mpira laini wa silikoni, na mpira ukiganda huuvua pamoja nacho. Kisha fundi hukifunga kwenye mfano wa mzizi, akamimina uji wa jasi, jiwe lile lile lichimbwalo Makangaga katika wilaya yetu ya Kilwa, akapata taya la kutengenezea jino. Vijichuma hivyo vina thamani kubwa, kwa hiyo hutumika tena na tena.

Je, yajuzu? Mvuke wa nyuzi 134 huua kila chenye uhai, wala sioni dhambi katika chombo kilichogusa kinywa kwa dakika chache kikasafishwa ipasavyo. Kifuniko cha fizi, kifungwacho juu ya mzizi hadi fizi ipone, kikaacho kinywani kwa majuma, nakitilia shaka zaidi, kwani wachunguzi wamekuta mabaki ya protini juu yake hata baada ya kuoshwa na kupikwa. Lakini tohara ni nusu tu ya swali la bibi. Parafujo kila inapokazwa hula kidogo ukingo wa chuma, na ulaji huo hauondoki kwa maji wala kwa moto: kitu chaweza kuwa safi kama theluji na hali kimeacha kusema kweli juu ya mahali pa mzizi. Jino la kuzaliwa limening'inizwa kwa nyuzi nyororo zinazolisamehe likikaa upande. Mzizi wa titani umeshikwa na mfupa wenyewe, hausamehe, na kosa dogo kuliko unene wa unywele huibebesha parafujo, ama mfupa, mzigo usio wake.

Mtume, rehema na amani zimfikie, alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu chini, na mwenye mali akataja mvua, hakumlaumu kwa mvua, bali kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wauone. Kuchakaa ni mvua. Haimo katika uwezo wa tabibu. Kutohesabu, kutokagua ukingo, na kumtoza mgonjwa thamani ya kitu kipya ilhali ni cha zamani, hayo ndiyo ghushi, na hata kama jino litakaa sawasawa, amana imekwisha kuvunjwa.

Tabibu yule alifungua daftari, akasema kijichuma kile kimetumika mara mbili, naye bibi ni wa tatu, na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo. Bibi, asiyejua kusoma, alikiomba, akapapasa ukingo wake kwa ncha ya kidole kwa muda mrefu, akakirudisha, akafungua kinywa.