Mikate Mitatu ya Usiku wa Manane



Wiki hii vijana watatu wa VIWAWA wameniuliza swali lile lile: "Kaka, hizi nafasi za kusoma uzamivu nje kwa ufadhili zinapatikanaje?" Mmoja wao ana shahada ya uzamili na anafundisha kwa kujitolea Kibondo. Nilianza kumjibu kwa wasapu nikaona habari inakuwa ndefu. Basi nijibu hapa, na nianze na Injili, maana nikiwapa majina ya tovuti peke yake mtaondoka kama mlivyokuja.

Fungua Luka sura ya 11, mstari wa 5 hadi wa 8. Mtu anakwenda kwa rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate mitatu. Mwenye nyumba keshafunga mlango, watoto wamelala, hataki usumbufu. Yule wa nje haondoki, na mwisho anapewa. Kwa miaka mingi niliisoma habari hii kama somo la kung'ang'ania tu. Nami nikang'ang'ania kweli, mpaka nikawa nagonga hata ukuta nikidhani ni mlango.

Mwaka wa kwanza nilimpata wakala mtandaoni. Alisema ana nafasi ya uhakika Ulaya, nilipe laki tatu za kufungulia faili. Mama yangu kule Kibondo akauza magunia mawili ya maharage. Tangu siku nilipotuma hela, ile namba haikupatikana tena. We acha tu. Mama hakuniuliza habari za ile hela hata mara moja. Akipiga simu aliuliza kama nimekula. Hilo liliniuma kuliko hela yenyewe.

Kwa hiyo sikilizeni. Mfadhili wa kweli hakutumii wakala. Wajerumani wana DAAD, Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, serikali ya Uswisi nayo ina wake. Lipo pia KAAD, shirika la Wakatoliki wa Ujerumani lenye makao Bonn, linalosomesha watu kutoka mabara yetu. Angalia kwanza kama nchi yako na fani yako vimo. Dada zangu wa sayansi, someni habari za OWSD ya kule Trieste, Italia. Inalipia uzamivu wa wanawake wanasayansi kutoka nchi kama Tanzania, ila unasomea katika nchi nyingine inayoendelea, si Ulaya.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua kabisa. Uholanzi, Sweden na Norway, anayefanya uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo. Nafasi inatangazwa kama kazi, ina mkataba na mshahara. Matangazo mengi ya namna hiyo yako EURAXESS, tovuti ya Umoja wa Ulaya, na kuyasoma ni bure, bando lako tu. Waliokwisha kupata uzamivu wanaweza kuomba utafiti wa baada ya hapo kupitia Marie Skłodowska-Curie, ambako andiko unaliandaa pamoja na msimamizi wa chuo kitakachokupokea, au kupitia Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani. Masharti hubadilika. Soma tangazo la mwaka huu, usisome alichokutumia rafiki yako tangu mwaka juzi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Kuna ufadhili mmoja, sitautaja, ulitoa kipaumbele kwa waliokulia ukimbizini. Rafiki yangu akaniambia, "We andika ulizaliwa kambi ya Mtabila. Ilifungwa 2012, nani atakwenda kuhakiki? Na Kirundi unakisikia." Kweli, sisi Waha na Warundi tunaelewana bila mkalimani. Nikakaa steshenari moja hapa Kasulu mpaka usiku, nikaandika aya nzuri ya kuliza watu. Nikatuma. Baada ya wiki sita nikaambiwa nimepita mchujo wa kwanza. Nilifurahi, nikatoa hata shukrani jumuiya.

Mwezi huo kwaya yetu ilikwenda Nyarugusu. Baada ya Misa akanifuata kijana mmoja Mkongomani, ana shahada ya kwanza aliyoipata Bukavu kabla ya kukimbia. Vyeti vyake amevifunga kwenye mfuko wa nailoni, na ule mfuko kauweka ndani ya mfuko mwingine. Alitaka nimsaidie kujaza fomu, maana kutoka kambini kwenda mjini kutafuta mtandao lazima apate kibali. Nikaitazama ile fomu. Ilikuwa ni ile ile.

Nilimsaidia kujaza. Mikono ilikuwa inatetemeka, yeye akadhani nina malaria.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padre alinisikiliza, akaniuliza jambo moja tu: "Kijana wangu, yule wa mikate mitatu alikuwa anamwombea nani?" Nikanyamaza. Nimeisoma Injili ile mara ngapi! Hakuwa na njaa yeye. Alikuwa na mgeni nyumbani, ametoka safarini, na hana cha kumpa. Ndiyo maana alithubutu kugonga saa ile. Mimi nilikuwa naomba mkate wa kula mwenyewe, tena kwa jina la mgeni.

Niliwaandikia wale wafadhili nikajitoa na kueleza sababu. Hawakunijibu. Simlaumu mtu.

Nikaanza upya, safari hii na swali la Padre mezani: huu utafiti ni wa kumlisha nani? Jibu lilikuwa shambani kwa mama. Muhogo wetu unaugua michirizi kahawia, ugonjwa wa virusi unaobebwa na inzi weupe. Wataalamu waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kule Amani, Tanga. Unaweza kuona shina limesimama na majani yanapendeza, ukichimba unakuta kiazi kimeoza ndani. Mama amekula hasara hiyo misimu mingi, na mbegu anayopewa na jirani ndiyo inayoleta ugonjwa. Nikaandika hivyo hivyo. Nikatafuta watu wanaochunguza ugonjwa huu, nikasoma makala zao, kisha nikamwandikia kila mmoja barua pepe fupi: nimesoma nini katika kazi yako, nimeona nini Kibondo, nataka kuuliza nini. Usitume barua moja kwa watu hamsini, wanaijua.

Niliandika kumi na saba. Kumi na mbili kimya, wanne walisema hawana nafasi. Mmoja akauliza: wakulima wa kwenu wanachaguaje mbegu? Nilimpigia mama, tukaongea saa nzima. Nimemtumia yule mwalimu kurasa mbili, naye amenipangia mahojiano Alhamisi hii saa tisa alasiri.

Naomba mniombee Salamu Maria moja. Mwingine kwa ajili ya yule kijana wa Nyarugusu, yeye majibu yake bado. Mama ameniuliza kama hao watu wa Ulaya wamewahi kula muhogo. Nikamwambia nitawauliza.